Marashi ya Bashiri

Jumamosi, 7 Septemba 1974

Hakuna kinacholiwa duniani ambacho mimi Lwakatare sijakila. Senene, nyama ya kiboko, mkate wa Wazungu, hata sabuni, enzi za shule ya mapadre — nilidhani jibini.

Uongo. Leo nimetiwa kinywani kitu nisichokijua, nikakitema mbele za watu. Na hasira imenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Ni hivi. Nilipita mjini kumsabahi Mwamvita, mjane wa rafiki yangu Bashiri. Wanawake wamejaa barazani, wanachambua mchele wa Ramadhani. Akaniletea halua kwenye kisosi. Sukari imeadimika, duka la ushirika lina viberiti na maneno matupu, lakini yeye kaipata! Nikaonja. Laini, inateleza, haihitaji meno. Halafu harufu ikapanda puani — nikamwona Bashiri. Ndani ya sanda! Harufu ile ile waliyomnyunyizia mwaka jana siku ya mazishi.

Nikauliza, umetia nini humu? Akasema, marashi kidogo tu, shemeji.

Marashi! Kwetu marashi mtu hujipaka, au hupakwa akiwa hawezi tena kujipaka. Nikatema. Kwenye mkeka wake mpya. Nikapiga kelele: mnanilisha marashi ya maiti!

Mwamvita akanijibu, taratibu, bila kuinua sauti:

"Waridi ni lile lile, shemeji. Nilimwagiwa siku ya harusi, Bashiri akamwagiwa siku ya kuzikwa, na katikati tukala. Kwani halua zote nilizokufungia kila Idi, Bashiri akakuletea, ulikuwa ukizitema?"

Nikachukua kofia yangu.

Jumapili, 8 Septemba

Misa sikuisikia. Padri alihubiri kusamehe, mimi nikahesabu buibui darini.

Kila Idi! Mimi sijawahi kuletewa halua hata ya kujaza ukucha. Maana yake ni moja tu: Bashiri alikuwa akiila njiani. Kutoka mjini mpaka kwangu Nshambya kuna kilima kizuri cha kupumzikia. Ndiyo maana alikuwa akifika hapa analamba masharubu! Nikimuuliza, kwenu Idi mmekula nini, anasema, pilau tu, ndugu yangu, mambo magumu. Mwizi! Mwizi aliyezikwa kwa heshima, na mimi nikalia mpaka nikaona haya.

Na siwezi kumsema. Tulikula omukago, undugu wa damu, mimi na yeye, vijana bado. Buni moja, imepasuliwa mbili, nusu yenye damu ya kitovu changu akaila yeye, ya kwake nikaila mimi. Mwenzako wa omukago humfichui kwa mkewe, awe hai au mfu. Ukimfichua, tumbo huvimba. Siamini mambo hayo. Lakini tumbo ni langu.

Basi kwa Mwamvita mshenzi ni mimi: nimemlia halua miaka yote, leo naiita ya maiti.

Jumatatu, 9 Septemba

Mke wangu Kokuberwa hali chakula tangu augue homa. Ndizi, anasema, zina ladha ya majivu. Samaki, majivu. Maharage, majivu yenye maganda. Amebaki mifupa na ulimi — ulimi ndio mzima kabisa.

Leo amepekua koti langu ili anifichie tumbaku, akakuta kifurushi cha jani la mgomba. Mwamvita alikuwa amenifungia cha nyumbani kabla sijatema, nami nikakisahau. Nimemkuta amekaa kitandani, analamba jani!

Nikamwambia, tema hiyo, ina marashi ya maiti!

"Vizuri," akasema. "Wacha nizoee mapema."

Watu wa Kimwani! Niliambiwa nisioe kule. Nikatoka nje, nikapiga teke debe.

Jioni akaomba uji. Kaunywa. Akauliza, ile ya maua, Tata, ipo nyingine?

Amekula. Waitu, amekula!

Alipolala nikaliokota lile jani, nikalamba pembeni palipobaki. Ni tamu. Ni tamu mno! Kwanza sukari, halafu iliki, halafu bustani nzima inakufungukia nyuma ya ulimi. Bashiri, Mungu akulaze mahali pema — si pema sana.

Jumatano, 11 Septemba

Siendi kuomba radhi. Niombe radhi kwa kosa la nani? Ua ni ua, na maua ninayo.

Jana nilijaribu maua ya maboga. Nikayapika na karanga, mwenyewe, kwa mikono hii. Kokuberwa akaonja. Akasema, mboga hii imevaa kitenge tu, bado ni mboga.

Leo nikakumbuka mibuni. Imechanua, kibanja chote kimekuwa cheupe kama watoto wa komunyo, na harufu yake inalipita hilo waridi lao la pwani! Nikajaza kofia. Mara nyuma ya mgomba — Ishengoma, balozi wetu wa nyumba kumi, mwenye redio na kitambi.

"Mzee Lwakatare! Unahujumu zao la taifa!"

Nikasema, nachuma maua.

Akasema kila ua ni buni, na kila buni ni fedha za kigeni.

Nikamwambia, mbuni huu niliupanda wewe ukiwa bado unajikojolea mgongoni kwa mama yako, na taifa halikuja kunishikia jembe. Akasema atanipeleka kwenye tawi la chama. Nikasema anipeleke, lakini anibebe, magoti yanauma.

Nikayachemsha na sukari yote iliyobaki, ile tuliyomwekea Padri. Ikatoka rojo ya kijani. Harufu imekimbia, uchungu umebaki.

Kokuberwa akaonja. "Umenipikia dawa ya minyoo," akasema. Hakucheka. Akageukia ukutani.

Sukari imekwisha, maua yamekwisha, na yeye hajala.

Ijumaa, 13 Septemba

Hajala. Uji nao kaurudisha.

Nimemfokea. Halafu nimewafokea kuku.

Jumapili, 15 Septemba

Ishengoma alikuja na hotuba yake ya uhujumu. Kokuberwa akamwita kutoka chumbani. Sauti yake nyembamba, sikuitambua mara moja. Akamwambia, mwache huyo mzee, balozi, alikuwa ananitafutia chakula. Ishengoma akachungulia mlangoni, akamwona alivyo. Akavua kofia. Akaondoka bila kumaliza hotuba.

Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Ishengoma kuvua kofia!

Jumatatu, 16 Septemba

Niko mjini, kwenye benchi nje ya duka la Muhidini, mtoto wa Bashiri na Mwamvita. Wanasema mwezi huenda ukaandama leo. Ndani inanukia iliki. Wanapika!

Muhidini katoka, kanisalimu shikamoo bila kunitazama. Nikamtuma kwa mama yake aniombee kipande cha halua, akaingia, akarudi. Kasema, baba, mama hataki. Kasema hapikii watu wanaotema. Nikataka kusema ukweli — nikakumbuka omukago, na tumbo. Akarudi ndani. Atatoka tena. Naandika kwanza nitakayomwambia, nisije nikayaharibu kwa hasira.

Sikiliza, Muhidini. Siku ulipoiba baiskeli ya baba yako, ukaanguka nayo kwenye mteremko, gurudumu likawa kama chapati, nani alimwambia Bashiri kwamba imekanyagwa na ng'ombe wangu? Mimi. Sina ng'ombe! Sijawahi kuwa na ng'ombe! Na Bashiri alijua.

Hilo hujanilipa. Nilikudanganyia kwa baba yako, nawe nidanganyie kwa mama yako. Uongo mdogo tu: siku ile jino lilinichoma, uchungu ukanipandisha wazimu. Jino basi. Akitaka kuliona nitafungua kinywa, achague mwenyewe. Habari za Idi za zamani akikuuliza, hujui kitu. Sema shemeji yake Kokuberwa amelala kitandani, mgonjwa, na kinachopita kwake ni halua hiyo tu. Kipande kidogo, cha jani moja.

Ukikipata, niletee mwenyewe, hapa hapa kwenye benchi.

Na toka jikoni mpaka hapa, Muhidini, usikionje. Naujua ukoo wenu.