Saa ya Baba na Meno ya Nyandwi

Tecla pokea simu!! Kaka Jovitus nusura amuue mume wangu!

Ni ile saa ya marehemu baba, ya zamani, yenye visaa vidogo vitatu ndani. Si tulisema haivaliwi mpaka matanga yaishe? Nyandwi wangu ndiye aliyeitunza sandukuni. Leo tumeanua matanga, nyumba imejaa hadi uani, pombe ya rubisi inamiminwa, akamkabidhi Jovitus mbele za watu.

Jovitus kaivaa, kaitazama. Imesimama!

“Kwa baba haikusimama hata siku moja! Umeuza mashine ya ndani, mwizi wewe!”

“Shemeji, haina betri, inataka mkono utembee ndipo nayo itembee...”

Hajamaliza, ngumi! Nyingine! Kwa mkono uleule wenye saa, Tecla, uleule! Damu mpaka kwenye mtungi wa rubisi.

Wanaume wakamshika. Mara shangazi akapiga yowe: “Inatembea!” Kweli, kishale kinazunguka.

Nyandwi katema meno mawili kiganjani. “Si nilikwambia inataka mkono?”

Wageni wote wametawanyika. Tuko zahanati, Jovitus yuko mlangoni analia, anataka kuivua ampe Nyandwi. Nimemwambia asithubutu. Aivae mwenyewe, aisikie ikigonga mpaka azeeke.