Vidole Shingoni

Zaina mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka Elwak, ambako hata chai ina vumbi. Leo kliniki yetu ya gari ilisimama kisimani. Mama mmoja mchuuzi wa ngamia, mwenye ndevu chache, aliingiza vidole chini ya mtandio wangu, akanipapasa kidevu kama anavyokagua mnyama sokoni.

“Abaayo,” akaniita dada kwa Kisomali, “na wewe unang’oa ndevu.”

Nilikuwa nimeng’oa alfajiri, nikiwa peke yangu. Vidole vikashuka hadi kwenye mshipa wa shingo, vikatulia.

“Dada yangu alikuwa hivi. Hedhi yake haiji. Mshipa ya kichwa ikabasuka, akaanguka hapa, kamba ya ndoo iko mkononi. Mdogo wako yuko wabi?”

Sijamwambia mtu huku kwamba nina mdogo.

Daktari alipotuambia homoni za kiume zimetuzidi, alitaja ndevu na watoto tu. Mishipa ya damu hakuigusa. Nimejipima: presha iko juu, na siumwi popote. Tafadhali kapimwe leo, kipenzi changu, Mungu akutunze. Yule mama amekataa kuondoka mpaka anione nikiandika jina lako juu ya bahasha.

Dada yako, Mwanaisha