Safari ya Kumchukua Aisha

Jumatano, 27 Agosti

Mashuka tena. Hoteli imejaa wageni wa mkutano, mashine moja ya kufulia imekufa, tumefua kwa mikono mpaka vidole vikanyauka. Sijali. Msimamizi amenipa likizo. Kesho napanda basi la Koboko kumchukua mwanangu.

Nimeshamwandikisha shule hapa Namuwongo. Mwalimu mkuu aliuliza kama mtoto anajua Kiingereza. Nikasema anajua. Sijui. Sijui anajua nini. Alikuwa na miaka mitatu nilipougua kifua kikuu, na Yusufu, baba yake, akampeleka kwa mama yake nisije nikamwambukiza. Sasa ana sita. Nilipopona, Yusufu alikuwa ameshahamishiwa Moroto, na huko ameoa. Kila nikisema nakwenda kumwona mtoto, jibu ni ngoja. Ngoja mvua ipite. Ngoja amalize muhula. Ametulia, usimvuruge.

Safari hii sikumwuliza.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimefika. Mgongo umekatika. Nililala Koboko, asubuhi nikachukua bodaboda hadi huku.

Mji wenyewe ni barabara moja ya vumbi jekundu. Msikiti, kinu cha kusaga mihogo, maduka manne matano ambayo wenyewe wamelala ndani. Kimya mpaka unasikia mtu akikohoa ng'ambo. Mtu aliyezoea kelele za soko la Kalerwe angepata wazimu.

Mama yake Yusufu, ambaye huku kila mtu anamwita Haboba, yaani bibi, aliponiona aliangusha ungo. Akanishika mikono, akaniangalia usoni muda mrefu. Hakusema karibu.

Aisha amerefuka. Amevaa gauni la njano nililomtumia Idd. Akapiga magoti: "Salaam aleikum, anti."

Anti. Nilingoja Haboba amsahihishe. Haboba akaingia jikoni.

Nimekula mihogo yao. Nina hasira.

Jumamosi, 30 Agosti

Aisha amenitembeza. Anapenda wageni. Amenionyesha pampu ya maji, mashamba ya tumbaku, kijito wanakofulia nguo, vilima vya upande wa Kongo. Anasema kwa haraka, Kiswahili cha huku, na akicheka anachekea puani kama mimi. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia.

Nyuma ya shamba la ufuta la Haboba, huku wanauita simsim, akasimama. "Anti, ngoja kwanza nimsalimie mama."

Kaburi. Mawe yamepangwa vizuri. Akachuchumaa, akang'oa majani yaliyoota katikati ya mawe, akayatupa mbali. Akainua viganja, akasoma Fatiha yote bila kukosea. Kisha akanigeukia, akashangaa.

"Anti, wewe huombi?"

Nikainua mikono yangu. Nimejiombea dua mwenyewe.

Jumapili, 31 Agosti

Sikulala. Alfajiri nilimfuata Haboba jikoni.

Kaburi ni la Saida, dada yake Yusufu, aliyefariki kabla Aisha hajazaliwa.

"Yusufu alipiga simu," alisema. "Akasema umebaki mifupa, hutafika Ramadhani. Na mtoto analia kila jioni, anataka mama. Hali chakula. Ningefanya nini? Nikampeleka kaburini kwa Saida, nikamwambia mama yuko hapa. Akaacha kulia."

"Na nilipopona?"

"Alikuwa ameshaacha kulia."

Nimemtukana. Nimemwita mchawi, mwanamke aliyemlisha mwanangu miaka yote hii. Sijutii. Yusufu hapokei simu. Yeye namchukia bila taabu. Huyu mama ndiye anayenitesa. Nilipomaliza kupiga kelele, alikuwa amekaa chini analia, na uji wa Aisha umeungua.

Jioni tulimketisha Aisha uani. Haboba alisema mwenyewe: "Huyu ndiye mama yako. Mimi nilikudanganya."

Aisha akanitazama. Akamtazama bibi yake. "Mama yangu yuko kule," alisema. Kisha akaomba ruhusa akawafungie kuku.

Jumatatu, 1 Septemba

Nilimwambia kesho tunaondoka. Akatoroka.

Tumemtafuta asubuhi nzima. Mji uliolala ukaamka wote. Sasa kila mtu anajua mimi ni nani. Wanawake penye pampu walinikwepa, mmoja akamficha mtoto wake nyuma ya gauni lake la gomesi.

Alikuwa katikati ya simsim, amelala chini, macho wazi. Aliponiona akakimbilia mguu wa Haboba, akaung'ang'ania. Mkojo ukamtiririka hadi kwenye nyayo. Mwanangu amejikojolea kwa kuniogopa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akasema mtoto ni wangu, nimbebe tu, nani atanizuia? Kweli, nani? Haboba hakubisha. Alishazikunja nguo za Aisha, akazitia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, akaiweka mlangoni.

Kavera ilikaa pale mlangoni mpaka jua likazama. Nikazitoa nguo. Nikazirudisha kwenye kamba, moja moja, hadi gauni la njano.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeondoka peke yangu. Aisha hakutoka nje. Haboba alinisindikiza hadi barabarani, akaniwekea mkononi kopo la odi, siagi ya simsim. Niliipokea. Sikusema asante. Nimemwambia nitarudi Desemba, na baada ya Desemba nitarudi tena, na asithubutu kumwambia mtoto uongo mwingine. Akaitikia kwa kichwa.

Njia nzima nilimlaani Yusufu. Haikusaidia.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua. Maji yamejaa kwenye mtaro, yamefika kizingitini, yamerudi.

Baada ya alasiri nilimpigia Haboba. Akasema mtoto yuko hapa, lakini hataki kusema. Nikasema mpe tu simu.

Nikasikia pumzi. Kuku. Mtu anatwanga mahali.

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia huku mvua inanyesha. Nikamwambia nimepika maharage, na leo sikuyaunguza. Hakujibu. Hakukata.

Nami sikukata, nikakaa kitandani na simu sikioni, mpaka salio likaisha.