Bima ya Mtoto Ambaye Hajazaliwa

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo limejiunga na upinzani. Wewe na wagonjwa wako wa wodini mnaendeleaje?

Habari yangu ni ndogo. Juzi, kwenye foleni ya pensheni, binti mmoja wa kampuni ya bima alinikabidhi bahasha nene. "Babu, weka sahihi hapa tu." Nikaweka. Unanijua: nimetunza ghala miaka thelathini na mmoja, na hakuna kilichoingia mlangoni kwangu bila sahihi ya kupokelewa. Bahasha iko juu ya kabati. Nitaisoma nikipata nafasi.

Usiruke kifungua kinywa.

Baba yako.

9 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Sijambo, ila zamu ni nyingi. Goti lipake dawa niliyokutumia, usilipake maneno.

Juu ya kabati, Baba! Ishushe leo hii. Mwaka jana ulisaini jokofu la jirani, likakaa sebuleni kwako wiki mbili. Jokofu lilirudi kwa mwenyewe. Pensheni ikitoka itarudishwa na nani?

Usinikasirikie. Nikija likizo mwisho wa Machi, nitachukua kadi yako ya benki niitunze mimi, nikutumie matumizi kila wiki. Mama angekuwa hai angeniunga mkono.

Binti yako.

16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Matumizi kila wiki? Wewe nilikuwa nakupa ya wiki, yakaisha Jumanne. Mama yako angekuunga mkono kweli, ndiyo maana nakuomba usimtaje.

Nimesoma kurasa zote kumi na mbili. Nimejiunga na bima ya elimu ya mtoto. Mtoto mwenyewe hajazaliwa, na mama yake simjui. Bima itaiva baada ya miaka kumi na minane, nikiwa na umri wa miaka tisini na miwili, nimpeleke chuo kikuu kwa mkongojo. Hadi siku hiyo watakata theluthi ya pensheni yangu kila mwezi.

Ukurasa wa tisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, unasema mteja anaweza kughairi ndani ya siku thelathini bila kutoa sababu. Nikaenda na barua kwenye ofisi ya kampuni. Karani akaniambia, "Mzee, si ulisaini mwenyewe?"

"Nilisaini kwamba nimepokea."

"Karatasi haijui tofauti hiyo. Halafu barua hii anaipokea wakala wako tu, yule aliyekupa bahasha, naye yuko safarini."

"Anarudi lini?"

"Tarehe tano, mwezi ujao."

Siku zangu zinaisha tarehe mbili. Nilizihesabu mbele yake, kwa vidole, bila haraka.

Kadi niachie. Jambo hili nitalimaliza mwenyewe.

Baba yako.

27 Februari

Baba, shikamoo. U mzima kweli? Siku nne simu yako haipatikani. Jirani anasema unatoka asubuhi umevaa tai. Tai, Baba! Zimebaki siku chache. Nijibu, la sivyo naomba ruhusa nije.

Binti yako.

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mimi ni mzima. Ofisini kuna kibao kinachosema "Zima simu". Nikazima. Hakuna kibao kilichosema niiwashe.

Ni ofisi ya kulinda wateja wa huduma za fedha, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Huduma ni bure. Niliuliza mara mbili. Kwenye benchi niliwakuta wazee wanne wa foleni yetu, kila mmoja na bahasha yake. Yaani wazee watano tulikuwa tunatarajia watoto watano.

Ofisa, mama mwenye miwani kichwani, aliipigia kampuni mbele yetu, siku zetu zikiwa hazijaisha. "Barua zao za kughairi ninazo, nimezigonga mhuri wa kupokelewa leo. Wakala wenu asikatishe safari yake." Jana tumerudishiwa kila kilichokatwa, na kampuni imekatazwa kuuza bima kwenye foleni ya pensheni.

Sasa niambie habari ya kadi.

Baba yako.

10 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka wagonjwa wakaniuliza nimekunywa nini.

Kadi ni yako, baki nayo. Nina lingine, na naona haya. Januari nilikopa kwa simu. Nilibonyeza "nakubali" huku napanda ngazi, sikusoma hata mstari mmoja. Deni limezidi mara mbili, na sasa wanampigia muuguzi mkuu, wanamwambia mimi ni mwizi. Masharti nimeyachapisha, kurasa thelathini na nne. Naomba nije nayo. Usimwambie mtu.

Binti yako.

14 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Wewe si mwizi, na atakayesema hivyo tena, mwombe jina lake kamili.

Ofisa nimemwona leo. Sikumtajia jina lako. Anasema kumsumbua mkubwa wako wa kazi hawaruhusiwi kabisa. Andika kila simu: namba, siku na saa. Usikubali masharti mapya yoyote kwa maneno.

Nimekuombea nafasi Jumatatu ya kwanza ya likizo yako, saa tatu asubuhi. Benchi lao ni gumu, hivyo njoo na mto. Nitakuwa nimeketi upande wa dirishani, nimekushikia nafasi.

Baba yako.