Kibali cha Meneja

Jumatatu, 4 Machi
Ofisa wa wanyamapori kapita mtaani. Sheria mpya: kobe, kenge, kinyonga, hata chura — ukimfuga, uwe na kibali! Asiye nacho ananyang'anywa mnyama. Nimletee kobe wangu Jumatatu ijayo, awe safi, na uthibitisho kwamba tulikuwa naye kabla ya sheria. Kasema watu wanaokota kobe porini jana, leo wanamwita wa urithi.

Uthibitisho uko mgongoni kwake. Marehemu mume wangu aliandika hapo jina lake mwenyewe na mwaka kwa rangi ya mlango, enzi zake za shule. Ndiye aliyemwita Meneja: kutwa anakagua ua, kazi hafanyi.

Simtoi. Ng'o!

Jumatano, 6 Machi
Ole wangu.

Nilimsafisha. Sabuni, brashi. Uchafu mwingine ukagoma, nikachukua kitambaa na petroli kidogo, kama ninavyotoa grisi kwenye suruali za mafundi magari. Mkono unasugua, akili iko kwenye sare za wateja. Kuinua kitambaa — gamba tupu, linang'aa! Jina halipo. Mwaka haupo. Ufundi wangu wote huu wa udobi, nimemfuta mume wangu kama doa.

Nimelia. Kisha nikamsuuza Meneja kwa maji mengi, nikampa kabichi. Kaigeuzia kisogo. Ana haki.

Alhamisi, 7 Machi
Picha hakuna. Majirani wote wamehamia juzijuzi. Nimempigia ofisa: anakubali shahidi, ila awe anamjua kobe tangu zamani.

Yupo mmoja tu. Wifi! Hatujasalimiana tangu msiba, miaka miwili sasa, kisa kabati la kaka yake. Alilitaka, nikakataa. Alisema maneno, nami nikasema yangu.

Nitakwenda. Potelea mbali kiburi.

Jumamosi, 9 Machi
Alifungua mlango nusu. Eti leo nimepotea njia? Nikaeleza shida yangu bila kuzunguka, hata la petroli. Halafu akauliza kama Meneja bado anauma vidole vya miguu vya wageni. Tukacheka — kisha kila mmoja akakumbuka kwamba amenuna.

Atakuja. Habari za kabati hakuuliza. Nimerudi nikitembea kama msichana.

Jumatatu, 11 Machi
Naandikia hapa hapa, benchi la nje ya ofisi. Meneja yumo kwenye beseni.

Wifi kasema vizuri ajabu! Baba yao ndiye aliyemleta, kaka alipaka rangi, yeye akashika kopo. Akaonyesha ufa nyuma ya gamba, wa siku Meneja alipobingirika ngazini. Ofisa akaridhika, akashika kalamu. Akauliza kibali aandike jina la nani, mwenye mnyama ni yupi.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema wifi. Kwa pamoja! Eti baba alimletea yeye, kaka akampokonya, na amengoja vya kutosha.

Ofisa kaweka kalamu chini. Tutoke, tukubaliane kabla hajafunga.

Basi tumekaa. Beseni katikati. Nimemwambia wifi simtoi Meneja, hata dunia ipinduke. Kakunja mikono kifuani, kidevu juu, vile vile alivyokuwa akifanya mume wangu akishakataa jambo. Miaka miwili sijaona mtu akikaa hivyo.

Simtoi. Ila wifi naye sitaki ainuke kwenye benchi hili —