Baba Amemhoji Mama

Jumapili, Julai. Baridi ya kukunja vidole, na jua hatujaliona siku nzima hapa Buruburu. Nimelia jikoni nikasingizia vitunguu, na leo hatukupika kitu chenye vitunguu.

Baba alikuwa mwandishi wa gazeti la Kiswahili lililofungwa zamani. Tangu ugonjwa wa kusahau umshike, kinachomtuliza ni kusomewa magazeti yake ya kale. Kwa hivyo kila Jumapili tukitoka kanisani mimi humsomea, Mama akifuma sweta kando yetu.

Magazeti yale yalilipenda neno bibi kupita kiasi. Muuza makaa wa Majengo ni bibi. Msichana wa shela ni bibi arusi. Bibi afya anapita nyumba kwa nyumba Kaloleni akikagua watoto wachanga. Mke wa diwani ni bibi wa diwani, jina lake mwenyewe halipo, na hilo huniudhi kila nikilifikia. Mimi nimezoea kwamba bibi ni mke wa mtu, basi. Baba akiwa mzima alinieleza kwamba kwao bibi alikuwa mwanamke yeyote ambaye bado hujamjua. Mwandishi akirudi ofisini bila jina lake na mtaa wake, alirudishwa kwa miguu akaulize.

Lakini Mama, Baba hakuwahi kumwita bibi. Kwake ni Mama Njeri, tangu nizaliwe.

Leo nilikuwa katikati ya habari ya dansi katika ukumbi wa Kaloleni, Baba akainua mkono ninyamaze. Alijiweka sawa kitini, akamgeukia Mama, vidole vimeshika kalamu ambayo haipo.

"Samahani, bibi. Jina lako nani?"

Nilitaka kuingilia. Mama akanikanya kwa macho. Akaweka sindano chini, akamtajia jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani.

"Unakaa mtaa gani?"

"Hapa hapa Buruburu."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Na bwana yuko wapi?"

Mama akaikunja sweta magotini.

"Ametoka kidogo," akasema. "Namngoja."

Baba akamshukuru sana, akamwambia habari yake itatoka.

Nina hasira. Na ugonjwa huu, na Mungu pia, aniwie radhi. Niliona afadhali Mama angelia, tungelia pamoja yakaisha. Yeye aliinuka tu, akamletea chai. Baba akasimama kuipokea kwa mikono miwili, kama mgeni aliyelelewa vizuri.

Mama amesema nisiwaambie ndugu zangu bado. Nimekubali, ingawa moyo unanivunjika kuwaficha.

Asubuhi Mama atampelekea Baba uji, kama kawaida.

Je, ataulizwa jina tena?