Chupa ya Mlonge Kiunoni mwa Shabani

Baba,

Shikamoo. Leo nimekuja kukusumbua maana sina mwingine wa kumsumbua. Mama nikimgusia jambo la wasiwasi presha inapanda, na majirani zetu wa hapa Boko unawajua, ukimwambia mmoja asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unakupa pole.

Ni Shabani, Baba. Mwanao.

Tangu ulipotutoka amerudi kutoka Morogoro, ameshika bustani yote ya bondeni. Kwa kazi simsemi vibaya. Mchicha umejaa, chainizi ndiyo usiseme, wachuuzi wa Tegeta wanatugombania. Pampu yako ya kupigia dawa ya wadudu anaibeba yeye. Na kila akienda kupiga dawa anafunga kiunoni ile chupa ya mlonge, kama ulivyokuwaga unafanya wewe. Majani ya mlonge, manjano, tangawizi, anachemsha mwenyewe, mie hata sufuria siruhusiwi kugusa. "Hii ndiyo kinga ya ubongo ya mzee," anasema, eti dawa haitampanda kichwani. Barakoa niliyomnunulia iko msumarini, glavu ziko kwenye mfuko wake, hazijafunguliwa.

Na unajua anakunywaje? Juzi nilikuwa napalilia, nikamwangalia. Kafika katikati ya matuta, kasimama, mikono imelowa dawa mpaka viwikoni. Akafungua chupa kwa vidole hivyo hivyo, kizibo akakibana kwa meno, akapiga mafunda. Jamani! Hiyo kinga anaimeza pamoja na sumu yenyewe. Nikapiga kelele, akanicheka, eti mie mwoga tangu utoto.

Mwoga ndiyo, sikatai. Lakini kuna mambo nayaona. Akishika kikombe, chai inacheza. Na wiki iliyopita alisimama katikati ya shamba, akaniuliza njia ya kwenda kisimani. Kisima alichochimba na wewe, Baba! Mtu anasahau, mie mwenyewe nasahau chumvi kwenye mboga, lakini si hivyo. Aliponiona nimeshtuka akajifanya anatania. Macho yake hayakuwa ya utani.

Nikaenda kituo cha afya kuuliza, peke yangu. Daktari ni binti mdogo tu, mpole, hakunidharau. Akasema mlonge na manjano wataalamu wanavichunguza kweli. Wamewapa panya sumu pamoja na maji yaliyokamuliwa kwenye mimea kama hiyo, na kuna panya ambao ubongo wao uliumia kidogo kuliko wa wenzao. Nilifurahi hadi nikanyanyuka niondoke. Akaniambia nikae kwanza. Panya si kaka yako, akasema, na bado hakuna anayejua kama inamsaidia binadamu, wala anywe kiasi gani. Anayelowa dawa kila akienda shamba hawezi kutegemea chai. Kwanza sumu isimwingie mwilini, halafu aje apimwe.

Nikamweleza Shabani yote. Unajua alinijibu nini? "Baba kanywa hii miaka yote, na kaondoka na akili zake timamu."

Ukweli sikumwambia, Baba. Kwa sababu nilikuahidi.

Yeye hakuwepo. Alikuwa anapiga simu kutoka Morogoro, nami nimekaa ubavuni kwako nakunong'oneza majina ya wanawe, unayataja yote, anafurahi. Hajui kwamba ulikuwa unaniita kwa jina la shangazi, naye alishafariki zamani. Hajui kwamba vifungo vya kanzu yako nilikuwa nakufunga mie, maana vidole vilikataa. Siku ile ulipopotea tukakukuta Bunju, kwenye baraza la watu tusiowajua, wamekupa maji na mkeka, Mungu awalipe. Ulilia njia nzima. Mie sikuwahi kukuona unalia, nilitamani ardhi inimeze. Ukanishika mkono ukasema, "Zuhura mwanangu, Shabani asijue. Anikumbuke alivyoniacha." Nikasema sawa, Baba.

Daktari nilimsimulia na habari zako. Amesema hawezi kuapa kwamba ni zile dawa za bustani, huenda ni umri, huenda ni vyote. Lakini mie nikiuangalia mkono wa Shabani nauona wako. Nikisema, nakuvunjia heshima na wewe huwezi kujitetea. Nisiposema, iko siku nitamfunga na yeye vifungo. Na hiyo chupa, naelewa, ndiyo anavyokulilia. Hakupata kukuuguza, basi anakunywea mlonge wako. Nitamnyang'anyaje?

Nimeshaamua. Kesho asubuhi anapiga dawa kwenye chainizi. Kabla hajabeba pampu nitamkalisha nimwambie yote, Bunju na machozi yako na majina niliyokuwa nakunong'oneza. Atakasirika. Huenda akaniita mwongo, lakini Mama naye aliyaona yote, atanishuhudia. Kisha nitamshika mkono nimpeleke kwa yule daktari, hata kama atanitukana hadi mlangoni.

Ile ahadi naivunja, baba yangu, nakuahidi hii ya kumpeleka akapimwe badala yake. Pumzika, Mungu akupe nafasi na mwanga huko uliko. Kama utakasirika, nikasirikie mie. Shabani mwache apone.

Mwanao,
Zuhura